Piga au cheza? Kulinganisha maamuzi ya dakika za mwisho katika futiboli ya Marekani

Super Bowl, fainali ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, huanza saa 8:30 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, kwa hiyo dakika zake nzito hutukuta kunapambazuka, na kocha amesimama kando ya uwanja ana sekunde chache za kuamua: mpira upigwe teke, au uchezwe? Kesho yake mabishano hayaishi. Aliyepiga akapoteza anaitwa mwoga, aliyecheza akapoteza anaitwa kichaa, na aliyeshinda anaitwa fundi kwa uamuzi uleule. Ulinganisho huu ni wa yule anayetaka kuchagua kabla matokeo hayajajulikana, awe shabiki wa usiku wa manane au mzazi aliyeko Marekani ambaye mwanawe anacheza mchezo huu shuleni.

Kwa mgeni wa mchezo, mambo machache kwanza. Timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ikifika, inapewa mengine 4. Ikishindwa, mpira unakuwa wa wapinzani palepale ulipokwama. Ndiyo maana jaribio la nne lina njia tatu: kuupiga mpira mbali ili wapinzani waanzie nyuma, kulenga nguzo kwa pointi 3, au kuucheza kama kawaida na kujitosa. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa goli, ni pointi 6, na baada yake timu huchagua teke la pointi 1 au mchezo mmoja wa pointi 2 kutoka yadi ya 2, yaani yadi 2 kabla ya mstari huo. Maana yake, zamu moja ya mpira haizai zaidi ya pointi 8, na namba hiyo ndiyo inayogawa uongozi unaofikiwa kwa zamu moja na ule unaohitaji mbili. Ukitaka kujua urefu wa teke la nguzoni, chukua yadi zilizobaki hadi mstari wa goli ujumlishe 17 au 18, kwa kuwa nguzo ziko yadi 10 nyuma ya mstari na mpira hurudishwa yadi 7 au 8 kabla ya kupigwa.

Watu wengi hulinganisha kwa kuuliza kipi kina nafasi kubwa ya kufaulu. Kwa swali hilo teke litashinda karibu kila mara, maana wapigaji wa NFL siku hizi ni hodari mno. Mimi naona swali la kwanza liwe jingine: nikifaulu, nitabaki na kazi gani, na mpira utakuwa mikononi mwa nani? Kuna mateke yanayopita katikati ya nguzo na kumwacha kocha akiwa na mlima uleule mbele yake.

Pointi 3 zisizopunguza kazi

Mfano ninaourudia kila ubishi ukianza ni wa tarehe 24 Januari 2021 kule Lambeau Field, fainali ya kanda ya NFC. Green Bay Packers walikuwa nyuma 31-23 dhidi ya Tampa Bay Buccaneers. Kwotabeki wao, yaani mrushaji mipira, Aaron Rodgers alikuwa amerusha mipira mitatu mfululizo kutoka yadi ya 8 bila mafanikio. Zilibaki dakika 2 na sekunde chache, jaribio la nne. Kocha Matt LaFleur akamwita Mason Crosby apige. Teke la yadi 26 likaingia, 31-26. Packers hawakuugusa mpira tena.

Tumtendee haki LaFleur, kwa sababu alikuwa na hoja. Alikuwa na taimauti zote 3, yaani ruhusa za kusimamisha saa, na mchezo husimama wenyewe zikibaki dakika 2. Kwa teke lile, tachidauni moja baadaye ingempa ushindi moja kwa moja, bila kuhangaika na mchezo wa pointi 2. Akicheza kutoka yadi ya 8 akafunga, bado angehitaji pointi 2 ili kusawazisha tu.

Sasa weka njia mbili kando kwa kando. Teke likifaulu: uko nyuma kwa 5, unahitaji tachidauni, mpira ni wa Tom Brady, kwotabeki wa Buccaneers, na wapinzani wanaanzia karibu na yadi yao ya 25. Kucheza kukifaulu: umefunga tachidauni. Nusu ya mara utapata zile 2 na mko sare. Nusu nyingine utazikosa, lakini uko nyuma kwa 2, na safari ijayo teke la nguzoni linatosha kushinda. Kucheza kukishindikana: uko nyuma kwa 8, unahitaji tachidauni kama ulivyoihitaji baada ya teke, pamoja na zile 2 za kusawazisha, ila Brady anaanzia yadi yake ya 8, mgongo ukutani. Ukimzuia kwa taimauti zako, utaupokea mpira katikati ya uwanja au karibu yake, mahali ambapo baada ya teke usingeupata.

Kwa hiyo teke lilinunua kitu kimoja, kuondoa hitaji la pointi 2, na bei yake ilikuwa kukabidhi mpira mahali pazuri kwa kwotabeki ambaye ungepaswa kumkwepa usiku kucha. Kabla ya teke kulihitajika tachidauni. Baada ya teke kulihitajika tachidauni. Mimi ningecheza, na ningecheza hata kama nafasi ya kufunga kutoka pale ni moja kati ya nne. Wanaotetea teke lile wana hesabu zao na tofauti si kubwa kama kelele zilivyokuwa, lakini sijasikia bado hoja inayofuta jambo hilo la kwanza.

Teke refu: linapokuwa chaguo, na linapokuwa la lazima

Michezo miwili inafundisha hapa kuliko maelezo yoyote, kwa sababu yote miwili ilikuwa 17-16 na timu yenye mpira ndiyo iliyokuwa nyuma.

Tarehe 26 Septemba 2021, ndani ya uwanja wenye paa wa Detroit, Baltimore Ravens walikuwa wamezikwa yadi ya 16 ya upande wao, jaribio la nne, yadi 19 za kwenda. Kwotabeki Lamar Jackson akampata Sammy Watkins kwa yadi 36. Zilipobaki sekunde 3, mpira ulikuwa yadi ya 48 ya Lions. Justin Tucker akapiga kutoka yadi 66, mpira ukagonga mtambaa panya, ukaruka juu, ukaangukia ng'ambo. Ravens 19, Lions 17, na hakuna aliyewahi kupiga mbali zaidi ya hapo katika NFL hadi siku ile.

Tarehe 12 Septemba 2022, Seattle, Denver Broncos walikuwa na mpira yadi ya 46 ya Seahawks, jaribio la nne, yadi 5 tu za kwenda, taimauti 3 mkononi, na muda wa kutosha wa kucheza. Kwotabeki wao alikuwa Russell Wilson, aliyetoka kuuzwa na Seattle hiyohiyo kwa bei kubwa. Kocha Nathaniel Hackett, katika mchezo wake wa kwanza kama kocha mkuu, akaacha saa ikimbie hadi sekunde 20 na kumwita Brandon McManus apige kutoka yadi 64. Likaenda kushoto. Kesho yake Hackett mwenyewe alikiri kwamba walipaswa kucheza, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amefutwa kazi.

Ukitazama umbali peke yake, wote wawili waliomba muujiza uleule. Tofauti ni kwamba Ravens hawakuwa na njia nyingine. Saa ilikuwa imekwisha. Broncos walikuwa na njia yenye nafasi karibu nusu kwa nusu, na ikifaulu ingemsogeza McManus karibu kwa yadi 5, 10, pengine 20. Kila yadi inayopungua kati ya 64 na 50 ina thamani kubwa, maana huko ndiko uhakika wa mpigaji huporomoka. Kwa mpigaji wa NFL yadi 45 ni kazi ya kawaida, na 55 siku hizi si ajabu tena, lakini kupita 60 hata walio bora hukosa mara nyingi kuliko wanavyopata. Kwa hiyo ukiwa na muda na taimauti, cheza kwanza. Teke la mbali liwe mabaki, la kutumia saa inapokunyang'anya kila kitu kingine.

Bill Belichick, aliyekuwa kocha wa Patriots, alilijua hili zamani. Tarehe 3 Februari 2002, Super Bowl kati ya Patriots na Rams, sare 17-17, dakika 1 na sekunde 21, mpira yadi ya 17 ya upande wao, hakuna taimauti hata moja. John Madden, aliyekuwa akitangaza mchezo kwenye televisheni, alisema wangetulia wasubiri muda wa nyongeza. Patriots wakacheza. Tom Brady, kijana asiye na jina kubwa wakati huo, akawapeleka hadi yadi ya 30 ya Rams, akaupiga mpira chini kusimamisha saa zikiwa zimebaki sekunde 7, na Adam Vinatieri akamaliza kwa yadi 48. Kumbuka mpangilio wake: mchezo kwanza, teke mwisho.

Na teke fupi nalo halina hakika, jambo ambalo mashabiki wa Minnesota hawahitaji kuambiwa. Tarehe 10 Januari 2016, katika baridi ya kama nyuzi 21 chini ya sifuri, Blair Walsh alikosa kutoka yadi 27 zikiwa zimebaki sekunde 26, na Vikings wakafa 10-9 mbele ya Seahawks. Uamuzi wa kocha ulikuwa sahihi kabisa. Mtu asiache kupiga yadi 27 kwa sababu ya siku ile.

Niseme pia kidogo kuhusu desturi ya kocha wa upande wa pili kuomba taimauti mpigaji akiwa tayari, ili kumchanganya akili. Ushahidi kwamba inasaidia ni hafifu. Mwaka 2019, Januari 6, Cody Parkey wa Bears alipiga teke la yadi 43 likaingia, ila Eagles walikuwa wameshaomba taimauti. Akarudia, mpira ukaguswa na mkono wa Treyvon Hester, ukagonga mlingoti, ukagonga mtambaa panya, ukarudi uwanjani. Eagles 16, Bears 15. Watu hukumbuka taimauti. Kilichoamua mchezo ni ule mkono.

Nyuma kwa 3: sare au zaidi?

Dan Campbell wa Detroit Lions ndiye kocha anayegawa watu kuliko wote. Tarehe 28 Januari 2024, Santa Clara karibu na San Francisco, fainali ya NFC dhidi ya 49ers, Lions waliongoza 24-7 hadi mapumziko. Robo ya tatu, wakiwa mbele 24-10, jaribio la nne na yadi 2 kutoka yadi ya 28 ya 49ers, Campbell alicheza badala ya kupiga. Mpira ukamtoka Josh Reynolds mikononi. Robo ya nne, wakiwa nyuma 27-24, zimebaki dakika 7 na ushei, jaribio la nne na yadi 3 kutoka yadi ya 30, akacheza tena. Haikufaulu. Wakapoteza 34-31, na tofauti ile ya pointi 3 ikawa mwiba wa miaka.

Wengi huyaweka maamuzi hayo mawili kapu moja. Mimi nayatenganisha. La kwanza naliunga mkono. Pointi 3 zingempeleka kutoka uongozi wa 14 hadi 17, yaani kutoka zamu mbili hadi tatu, na hilo ni jambo zuri. Lakini zilibaki dakika zaidi ya 20, muda wa kutosha kwa 49ers kupata zamu hizo zote. Mapema hivyo, kuendelea kushika mpira na kuelekea tachidauni kuna thamani kuliko mpaka wa namba. Na mpira ulimfika mtu mikononi, ukaanguka.

La pili ningepiga. Dakika 7 zikiwa zimebaki na uko nyuma kwa 3, pointi 3 zinageuza kila kitu: kutoka kufukuza hadi kuwa sawa. Kucheza kukifaulu kunakupa yadi 3 tu na haki ya kuendelea. Bado hujafunga chochote. Teke la yadi 48 hivi si hakika, na Campbell alisema hajutii, nami namheshimu kwa kusimama na alichowaahidi wachezaji wake msimu mzima. Hata hivyo, hesabu ya kazi inayobaki inaegemea teke.

Wapenzi wa raga watalitambua swali hili. Kombe la Dunia la 2015, Japani wakiwa nyuma 32-29 dhidi ya Afrika Kusini walikataa penalti ya kusawazisha, wakachagua skramu, na Karne Hesketh akafunga, 34-32. Wiki moja baadaye Uingereza, nyuma 28-25 mbele ya Wales, walikataa penalti ya kusawazisha wakapeleka mpira kona, wakaishia mikono mitupu. Uamuzi wa aina moja, sifa kwa mmoja, lawama kwa mwingine. Japani kwa maoni yangu walikuwa na sababu nzuri zaidi: skramu na safu ya mbele vilikuwa vinawaendea vizuri, mpinzani alikuwa ametikisika.

Kuupiga mpira mbali, au kuushika

Hapa naweza kuwa mfupi kwa kuwa hoja imekomaa. Mchumi David Romer wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha mwaka 2006 utafiti ulioonyesha kwamba makocha wa NFL walikuwa wakipiga teke kwenye jaribio la nne mara nyingi kuliko hesabu inavyoruhusu. Ligi ilichukua miaka mingi kulisikia hilo.

Belichick alilisikia mapema, na alilipa. Tarehe 15 Novemba 2009 huko Indianapolis, Patriots wakiongoza 34-28, dakika 2 na sekunde 8, jaribio la nne na yadi 2 kutoka yadi ya 28 ya upande wao, alicheza. Kevin Faulk aliudaka mpira akasukumwa nyuma kidogo tu ya alama. Peyton Manning, kwotabeki wa Colts, akapewa yadi 29 za kwenda, akampata Reggie Wayne, Colts 35-34. Lawama zilinyesha. Lakini linganisha: kucheza kukifaulu, mchezo karibu umekwisha. Teke likifaulu, Manning ana yadi kama 70 na dakika 2, kazi aliyokuwa akiifanya kwa urahisi robo nzima ile. Njia ya kwanza inamnyima Manning mpira karibu kabisa. Ya pili inampa kwa hakika, ila kutoka mbali. Nikiwa na Brady na yadi 2, nacheza.

Miaka minane baadaye, Doug Pederson wa Eagles alikutana na Belichick huyohuyo katika Super Bowl ya tarehe 4 Februari 2018. Nyuma 33-32, dakika 5 na sekunde 39, jaribio la nne na yadi 1 kutoka yadi ya 45 ya upande wake. Watu hukumbuka ule mchezo wa hila wa kabla ya mapumziko, kwotabeki Nick Foles alipodaka mpira mwenyewe. Kwangu mimi huu wa robo ya nne ndio uliobeba kombe. Foles kwa Zach Ertz, yadi 2, na Eagles wakaendelea hadi tachidauni, kisha ushindi wa 41-33. Angepiga mbali, mpira ungekwenda kwa Brady anayeongoza na saa mfukoni.

Pointi 1 au 2

Uko nyuma kwa 14, robo ya nne inayoyoma, umefunga tachidauni. Sasa uko nyuma kwa 8. Desturi inasema piga teke la pointi 1, ubaki nyuma kwa 7, ufunge tena, upige tena, sare. Hesabu inasema jaribu 2 mara moja, na watu wakiona hivyo kwenye televisheni hushika vichwa.

Tufanye pamoja. Tuseme mchezo wa pointi 2 hufaulu nusu ya mara, jambo ambalo haliko mbali na hali halisi ya NFL. Tuseme teke la pointi 1 halikosi, na kwamba utafunga tachidauni ya pili bila wapinzani kuongeza kitu. Ukipiga mara mbili, unaingia muda wa nyongeza, nusu kwa nusu: ushindi mara 50 kati ya 100.

Ukijaribu 2 kwanza: mara 50 unazipata, uko nyuma kwa 6, tachidauni ya pili na teke la kawaida vinakupa ushindi bila muda wa nyongeza. Mara 50 unakosa, uko nyuma kwa 8. Ukifunga tena unajaribu 2 tena. Nusu ya hizo 50, yaani 25, unasawazisha, na 25 umepoteza. Kati ya zile 25 za sare utashinda nusu. Jumla ni 62.5 kati ya 100. Hata timu dhaifu inayofaulu mara 4 tu kati ya 10 inapata 52, bado juu ya desturi. Na tumeipendelea desturi: tangu mwaka 2015, NFL iliposogeza teke la pointi 1 hadi yadi ya 15, likawa la yadi 33, wapigaji hukosa kiasi cha mara 5 au 6 kati ya 100.

Siri ya faida hii ni habari. Ukijaribu mapema, unajua mapema unachodaiwa, na una nafasi ya kurekebisha. Anayesubiri hadi tachidauni ya mwisho anagundua deni lake wakati duka limefungwa.

Swali linalofanana na hilo ni gumu zaidi: umefunga mwishoni, uko nyuma kwa 1. Teke la sare, au 2 za ushindi? John Harbaugh wa Ravens alichagua 2 mara mbili mwezi Desemba 2021, na mara zote mbili alikuwa na Tucker, mpigaji bora wa kizazi chake, amekaa benchi. Dhidi ya Steelers zilibaki sekunde 12, mabeki wake wameumia. Jackson alimrushia Mark Andrews, haikushikika, 20-19. Wiki mbili baadaye dhidi ya Packers zilibaki sekunde 42, na Jackson mwenyewe hakuwepo uwanjani, haikufaulu, 31-30. La Steelers nalikubali bila shida: ukizipata 2 na sekunde 12 tu zimebaki, umemaliza, na mabeki wako majeruhi hawaendi muda wa nyongeza. La Packers nina wasiwasi nalo, kwa sababu hata kufaulu kungemwachia Rodgers sekunde 42 za kutafuta teke la nguzoni. Kanuni ninayoishika: kadiri saa inavyokuwa fupi baada ya tachidauni, ndivyo 2 zinavyozidi kuwa bora.

Teke fupi au refu baada ya kufunga

Umefunga, bado uko nyuma, unatakiwa kuanzisha mpira. Teke fupi la kuuwahi tena lilikuwa silaha ya kweli zamani. Tarehe 18 Januari 2015, Packers wakiongoza 19-14 huko Seattle na zimebaki dakika 2 na kidogo, mpira ulimpita Brandon Bostick mikononi, Chris Matthews wa Seahawks akaudaka, na Seattle wakashinda 28-22 katika muda wa nyongeza. Lakini tangu 2018 wachezaji wa timu inayopiga hawaruhusiwi kuanza kwa kukimbia, na teke hilo sasa hufaulu mara chache sana, aghalabu chini ya moja kati ya kumi. Na tangu 2024 timu lazima itangaze kwamba inalipiga, hivyo hakuna tena kushtukiza.

Chaguo basi linategemea taimauti. Wapinzani wakiwa na mpira, kila mchezo wao unaweza kula sekunde 40 usiposimamisha saa. Ukiwa na taimauti 3, michezo yao mitatu hukula sekunde kama 20 tu. Piga refu, uwazuie, uupokee mpira ukiwa na muda. Ukiwa huna taimauti hata moja na zimebaki chini ya dakika 2, piga fupi. Usipoupata, umepoteza vyovyote. Ukiwa na 1 au 2, tazama dakika: juu ya 2, refu, chini yake, fupi.

Muda wa nyongeza: kupokea au kupiga kwanza

Kwa sheria za sasa timu zote mbili hupata zamu, katika michezo ya mchujo tangu 2022 na msimu wa kawaida tangu 2025. Zamani aliyeshinda sarafu alipokea mpira bila kufikiri, kwa kuwa tachidauni ya kwanza ilimaliza mchezo. Sasa hesabu imegeuka, ingawa makocha hawajakubaliana wote.

Tarehe 11 Februari 2024, Las Vegas, katika Super Bowl dhidi ya Chiefs, kocha Kyle Shanahan wa 49ers alishinda sarafu na kuchagua kupokea. Hoja yake ilikuwa zamu ya tatu: wote wakifungana sawa, yeye ndiye angekuwa na mpira tena, na teke lolote lingemaliza. Hoja hiyo ina uzito, hasa ukiwa na walinzi waliochoka. Timu yake ikakwama yadi ya 9, jaribio la nne na yadi 4, na Jake Moody akapiga yadi 27, 22-19. Simlaumu kwa teke lile. Angekosa kwa kucheza, Chiefs wangehitaji pointi 3 tu kushinda. Alichokosa pale ni kujua. Hakujua kama 3 zingetosha, na hakukuwa na namna ya kujua.

Chiefs walijua kila kitu. Walipofika jaribio la nne na yadi 1 kwenye yadi ya 34 ya upande wao wenyewe, hakukuwa na mjadala: Patrick Mahomes akakimbia mwenyewe yadi 8, safari ikaendelea hadi Mecole Hardman alipofunga, 25-22. Timu iliyotangulia kupokea, ikiwa yadi ileile ya 34 na matokeo bado sare, karibu kila kocha angeipigisha mpira mbali. Wa pili anacheza na majaribio 4 mahali ambapo wa kwanza hutumia 3. Sarafu ikiangukia upande wangu katika mchujo, nawapa wao mpira kwanza, na naupokea tu ikiwa walinzi wangu wametoka kukimbizwa zamu ndefu na hawana pumzi ya kumzuia kwotabeki kama Mahomes mara ya pili mfululizo.